Programu ya simu na pumu ya mtoto

Pole sana dada wa Bombo, umeuliza kama programu ya akili mnemba inaweza kukwambia pumu ya mtoto itakuwa kali kiasi gani. Hizo zinajifunza kwa rekodi za wagonjwa wengi, nani alilazwa, nani anatumia dawa gani, halafu zinakisia, sasa kama rekodi zenyewe ni za watoto wa Ulaya basi moshi wa sigiri yako hapo hazijui kabisa. Andika tu usiku anaokohoa umwonyeshe daktari, hiyo inasaidia kweli. Ila ukiona mbavu zinabonyea ndani akivuta pumzi au maneno yanamkatikia, achana na simu, mpe pampu ya bluu, ile ya dawa ya kuvuta inayofungua kifua haraka, kwa spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo, hata ile ya chupa ya plastiki ya nusu lita, mkimbize hospitali hapohapo.