Kumwagia maji linga kwa mkono wako mwenyewe, Grishneshwar

Dada, umeuliza iwapo wewe na mumeo mtaruhusiwa kufanya ibada wenyewe katika hekalu la Grishneshwar, kijijini Verul huko Maharashtra, India, au itawabidi kumwachia kuhani kila kitu. Kwa kawaida mwenye kuhiji huingia hadi chumba cha ndani kabisa, akaligusa linga, yaani jiwe linalomwakilisha Shiva, mungu wa Wahindu, na kulimiminia maji au maziwa kwa mkono wake, jambo ambalo mahekalu mengi makubwa hayaliruhusu.

Mumeo avue shati na fulana kabla ya kuingia, kwa kuwa wanaume huingia kifua wazi. Mikanda ya ngozi, nayo, iachwe nje pamoja na viatu. Chumba ni kidogo na sakafu yake hulowa maji na maziwa, basi shika ukuta unapoinama, wala usijivike sari ndefu ya kuburuta (hilo nalisema kwa msisitizo). Nunueni nje majani ya mti wa bilva ya kumtolea Shiva, yale yanayoota matatu kwenye kikonyo kimoja, na mchague yasiyotoboka. Mkilizunguka hekalu, msiuvuke mfereji unaotoa maji ya linga, rudini mlikotoka.

Jumatatu, mwezi mtakatifu wa Kihindu wa Shravan na usiku wa Mahashivaratri, sikukuu kuu ya Shiva, foleni huwa ndefu mno. Kwa maoni yangu nendeni alfajiri ya Jumatano, ili siku hiyo hiyo muyaone pia mapango ya kale ya Ellora yaliyo jirani, kwani hufungwa Jumanne.