Mwanangu, kabla hamjapandisha ukuta

Assalaam aleykum mwanangu, na salamu kwa mkwe wangu na hao wajukuu.

Voisi yako niliisikia mchana lakini hapa Bombo mchana ni kelele tu, nikaisikiliza tena usiku, na nimeona nikuandikie maana kwenye simu wewe unanikata maneno tangu utoto wako. Unauliza mmewakosea nini hao watu. Mmetoka Najjera na heri zenu, mmenunua eka mbili kule Luweero, mbele ya Wobulenzi, kwa pesa yenu halali, mmezungusha seng'enge, halafu kuna mtu anakuja usiku anaikata, mnaiunga, anakata tena palepale. Mkwe wangu anasema ni wivu, anataka kuvunja seng'enge apandishe ukuta wa matofali na aende polisi. Na wewe unaniuliza mimi, mama, ni wivu kweli?

Wivu upo, sikudanganyi, mtu akiona gari na tanki la maji na sola juu ya bati lazima roho imwashe kidogo. Lakini mwenye wivu hachagui pa kukata mwanangu. Na mwizi angekatia karibu na banda la kuku, usiku mmoja tu asubuhi hamna jogoo. Huyu anakata mahali pamoja, anapita, anaenda zake, hata mihogo hagusi. Mmefunga njia nyinyi.

Na wewe mwenyewe uliniambia bila kujua unaniambia, ulisema kule chini bondeni kuna chemchemi imejengewa saruji na bomba, watu wanachota, watoto wanapiga kelele asubuhi. Sasa hao wanaokaa upande wa juu walikuwa wanapitia wapi kabla yenu? Kwenye hilo hilo shamba lenu, wakati ule ni kichaka. Leo wanazunguka mpaka barabara ya murram ndio wateremke, na jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, anabebeshwa mtoto wa praimari ambaye kengele inamsubiri. Wewe ungekuwa mama yake usingeshika koleo ukakata waya? Mimi ningekata.

Tatizo ni kwamba nyinyi mmezoea ploti. Kule Najjera, mjini, unanunua futi 50 kwa 100, unazungushia ukuta, juu unapanda vioo au waya wa umeme, kazi ya ile ardhi ni moja tu, kuweka nyumba yako, na jirani humjui jina mpaka siku moto unawaka. Shamba la kijijini lina kazi nyingi kabla wewe hujalinunua. Mmoja anapita, mwingine anafunga mbuzi wake pale kiangazi, mwingine anaokota kuni, mganga anachuma majani yake, watoto wana embe lao. Aliyewauzia alikuwa anakaa Kampala miaka yote, hakuwa na habari, basi hiyo ardhi ikawa inafanya kazi za watu wengine, na nyinyi mmekuja mmezifuta zote siku moja na hamkuuliza hata moja. Hicho ndicho wanachokinunia, sio hilo gari.

Mfano yule mama mzee ambaye mkwe wangu alimfukuza usiku. Nilicheka mpaka machozi kisha nikahuzunika. Anakuta mtu gizani na taa, ameinama kwenye kichuguu, amekifunika blanketi na majani ya migomba, mwenzake anagonga vijiti tatata tatata, akadhani wanawaroga. Uchawi gani jamani, ni kumbikumbi! Mvua imenyesha, kumbikumbi wanataka kutoka, vijiti vile wanavisikia kama mvua. Na vichuguu Buganda vina wenyewe, baba anamwachia mtoto, ardhi inaweza kuuzwa mara ngapi lakini kijiji kizima kinajua kile ni cha nani. Sasa mama yule kanyang'anywa kitoweo chake na juu yake kaitwa mchawi mbele ya wajukuu. Mwende kwake, wote wawili, na sukari na sabuni, mumwambie kichuguu ni chake, aje wakati wowote, apige hodi tu. Utaona siku ya pili ataleta bakuli la kumbikumbi wamekaangwa na chumvi, na usithubutu kukunja pua, kula mbele yake.

Halafu mafundi. Mmetoa wachimba msingi Kampala, mpaka wa kulima mmewatoa Kampala, na vijana wa pale stage ya boda wanawaangalia lori linashusha watu. Najua mnasema wa kijijini wavivu, wanaiba simenti. Wengine ndio. Lakini leja leja, kibarua cha kulima na kupalilia, mpeni mtu wa pale, mumlipe jioni yake ileile, msimwambie njoo kesho. Kijana anayekula kwako ndiye anayekwambia nani anakata waya.

Sasa la mwenyekiti, hapo ndio nilishika kichwa. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kaja kwenu, askari wenu wa geti akamsimamisha juani akampa kitabu aandike jina na namba ya simu na anamtafuta nani. Mwenyekiti! Mwanangu hizo kamati zimezaliwa hukohuko Luweero, wakati wa vita vya msituni vya Museveni, zilikuwa zinaitwa RC, zikaandikwa kwenye sheria 1987, watu wa huko wanaziona ni zao kabisa. Mkitaka barua ya mkopo benki, muhuri wake. Mkiibiwa, polisi watawauliza kwanza mwenyekiti anasemaje. Na sheria ya mahakama za LC ya 2006 imewapa kusikiliza mashauri ya kijiji, madeni, kuharibiana mali, kuingiliana shambani, yaani hilo lenu la seng'enge ndilo lao hasa. Mkwe wangu akienda polisi akimruka atarudi na karatasi tu na adui mpya. Aende kwa mwenyekiti nyumbani kwake, sio kwa gari, jioni, na aombe aandikwe kwenye kitabu cha kijiji yeye na familia yake. Na hapohapo aulize vizuri hiyo karatasi yenu ni ya nini, ni hati ya mailo, yaani ardhi yenyewe ni yenu, au mmenunua kibanja, haki ya kukaa na kulima tu, juu ya mailo ya mtu mwingine? Maana hayo mailo ya tangu mkataba wa Buganda na Waingereza wa 1900 yamezaa kesi mpaka leo, na kama ni kibanja kuna mwenye ardhi anangoja kanzu yake, zawadi ya kuwatambua, na busuulu yake, kodi ya kila mwaka, sheria ya 1998 na ile marekebisho ya 2010 inawalinda nyinyi mkilipa. Mkwe wangu anajua kompyuta, haya mambo sina hakika kama aliyaangalia kabla ya kumwaga msingi.

Na lingine, hili nataka ulisome polepole. Kiswahili chenu. Sisi hapa Kiswahili ni cha nyumbani, marehemu baba yako alinitongoza kwa Kiswahili na Kinubi vimechanganyika. Lakini mzee wa Luweero wa rika langu, yeye Kiswahili alikisikia wapi? Kwa mwanajeshi barabarani. Kati ya 1981 na 1986 watu wa huko waliambiwa kwa Kiswahili toa kitambulisho, lala chini, pesa iko wapi. Sasa wewe unasimama kwenye veranda unamwita mfanyakazi "wewe, kuja hapa haraka!" sauti ya kambini kabisa, bibi wa upande wa pili anaingia ndani anafunga mlango, na wewe unaniambia watu hawa hawasalimii. Luganda unakijua, umekulia nacho Kampala, kizungumze. Umeuliza kama ni lazima upige magoti ukisalimia. Si lazima, wanajua wewe si Muganda, lakini teremka kwenye gari. Kupita na vioo vimefungwa ukainua kidole, hiyo kwao haijawa salamu, salamu ni kuuliza wa nyumbani wameamkaje na kungoja jibu.

Kutazamwa kama mgeni sisi Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudan, tunakujua. 1979 Amin alipoanguka tuliikimbia hii Bombo na nguo za mwilini, tuliporudi tukakuta watu wengine wanalala vyumbani mwetu. Katiba ya 1995 ikatuandika kwenye orodha ya makabila ya Uganda, alhamdulillahi, lakini jirani hasomi katiba. Jirani alikuwa anaangalia kama unakuja mazikoni au hauji.

Na hapo ndipo mmeumia zaidi, kuliko njia, kuliko kichuguu. Siku alipofariki yule mzee wa jirani, nyinyi mlikuwa na trekta linalima. Ulinisimulia kwa furaha kwamba mmemaliza kulima eka nzima, ukasema halafu pale jirani kulikuwa na msiba watu wengi sana. Mwanangu! Huko maiti akiwa hajazikwa hakuna anayeshika jembe, hata mwenye njaa anangoja. Kijiji kizima kimekaa kimya kwa heshima, trekta linanguruma. Hilo hawatawaambia usoni, ng'o, watawaambia kwa koleo kwenye waya. Ulizeni kikundi cha munno mukabi, kila kijiji kina chake, mnatoa mchango, wana masufuria yao na hema na viti, msiba ukitokea kila mtu anajua anabeba nini. Muingie. Wewe usitume bahasha na dereva, wewe nenda ukae chini kwenye mkeka na wanawake, umenye matoke, ushike kuni, moshi uingie machoni. Kwenye kumenya matoke utajua habari za kijiji ambazo mwenyekiti hatakwambia hata mwaka. Kwa huyu mzee bado hamjachelewa, nendeni kwa mjane wake mpeleke mabugo, rambirambi, hata kama siku zimepita, mseme tu hatukuwa tunajua desturi.

Malalamiko yako mengine, jogoo saa kumi, kanisa lenye spika usiku kucha, moshi wa majani, vumbi, watu kuingia mpaka jikoni bila kupiga simu, hayo utayazoea au hutayazoea, sina dawa. Kanisa lile linakesha Ijumaa, lala kwangu Ijumaa.

Lakini usidhani nakwambia muwe majuha. Kijiji nacho kina tamaa zake. Watakuja kukopa, mwezi wa kwanza tu, kila mmoja na mgonjwa wake, na mkianza kukopesha hamtaacha na hamtalipwa, mtapoteza pesa na jirani pamoja. Michango ya mgonjwa na ya shule toeni kiasi, kukopesha kataeni. Mbuzi wakiingia kwenye maharage yenu baada ya mvua za Machi kuanza, hapo mna haki, msimu wa kupanda mbuzi anafungwa kamba, kila mtu anajua, msimpige, mfungeni mti halafu muite mwenyekiti aje na mwenyewe, atalipa. Na mtu akiwaambia huu mti wa mpaka ulikuwa kule, msibishane maneno, iteni walioshuhudia mauziano wasimame pale kwenye luwaanyi, ule mmea wa mpaka, waonyeshe. Hapo usilegee hata hatua moja, mpaka ukisogea leo hautarudi tena.

Kwa hiyo ukuta. Zungushieni nyumba na uani na kuku, matofali kama mnataka, wajukuu wangu walale salama, hakuna atakayenuna kwa hilo. Shamba liache na seng'enge, na njia muirudishe, lakini msiirudishe katikati ya maharage, muisogeze pembeni kando ya mpaka, na msiisogeze peke yenu usiku. Muite mwenyekiti na wazee na yule mwenye koleo naye atakuwepo tu, mtembee wote, wao ndio waseme ipite wapi, mpande luwaanyi pande zote mbili ili kesho mtu asije akaipanua. Mkwe wangu aseme yeye mwenyewe, mbele ya watu, kwamba ni njia ya maji, si ya ng'ombe, na mwenyekiti aiandike kwenye daftari lake. Akiona haya kusema, nipigieni, nitapanda teksi nije nikae pale kama mkwe mzee, mimi sina haya.

Na hiyo nafasi mtakayoacha kwenye waya iwe pana, baiskeli yenye jerikeni kila upande ipite bila mtu kuteremka kuigeuza. Seng'enge itakayobaki msiuze wala msimpe fundi, banda langu la kuku hapa limeoza, nitakuja kuichukua Idi ikipita.

Mama yako, Bombo