Msuli wa mgongo kuhamishiwa kifuani

Swali: Dokta, mama alitolewa titi kwa kansa akapigwa mionzi, sasa kidonda cha kifuani hakifungi, wanataka kuleta msuli wa mgongoni wakizibe, si mkono utapooza jamani?

Jibu: Kwa kawaida haupoozi. Ule msuli mpana wa mgongo wanauzungusha kupitia kwapani ukiwa bado umeshikana na mshipa wake wa damu, na hiyo damu ndo dawa yenyewe, maana ngozi iliyopigwa mionzi damu haifiki vizuri hata uishone mara ngapi. Daktari mpasuaji Tansini wa Italia aliiandika njia hii tangu 1906, sio majaribio hayo. Bega litakaza mwanzoni na nguvu ya kuvuta vitu itapungua kidogo, ila misuli mingine inabeba kazi. Mazoezi asikwepe, na majimaji yakijaa mgongoni arudi wayatoe, hutokea sana.