Muulize Dokta: Hizi pesa za utafiti wa usingizi zenye jina la marehemu, na sisi tunaweza kuomba?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni daktari, nimemaliza masters mwaka jana, niko hospitali moja huku Tanga. Rafiki kanitumia tangazo la ruzuku ya Marekani ya watafiti wanaoanza kwenye tiba ya usingizi, imepewa jina la profesa aliyefariki. Nataka kuchunguza kukoroma na pumzi kukatika usingizini kwa madereva wa malori nchi nzima, kuanzia bandarini mpaka mipakani. Mtu wa huku ana nafasi kweli? Na hilo jina la marehemu lina uzito wowote kwenye maombi au ni heshima tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, maana huku kwetu mtu akikoroma tunasema amechoka basi yameisha.

Kabla hujaangalia kiasi cha pesa, soma sehemu ya nani anaruhusiwa kuomba. Ruzuku nyingi za kule zinataka uwe umeajiriwa na taasisi ya Marekani au uwe mwanachama wa chama kinachotoa, sasa kama imeandikwa hivyo usikeshe bure, tafuta mwenzako aliye chuo cha kule aombe yeye na wewe uwe mshirika. Ipo pia ruzuku inayoitwa K43 ya kituo cha Fogarty, hao wako chini ya NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, imetengwa kwa watafiti chipukizi wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ila ile ni kubwa na ukienda bila data yoyote mkononi utapata shida, na hizi ruzuku ndogo za kumbukumbu ndo zinakusaidia kupata hiyo data.

Kuhusu jina, lina uzito. Mara nyingi akishafariki mtafiti, familia na wanafunzi wake wanachanga ili kazi yake isife naye. Madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani wana tuzo ya Wayne A. Hening, ambaye alishughulika sana na ule ugonjwa wa miguu kukosa utulivu usiku. Au mchukue Christian Guilleminault, Mfaransa aliyeenda Stanford mwaka 1972, yeye na wenzake ndio walioufanya ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini ujulikane kama ugonjwa unaojitegemea kwenye miaka hiyo ya 70, akafariki 2019. Sasa ukiomba pesa ya kumkumbuka mtu wa aina hiyo na hujasoma hata makala yake moja, wanaosoma maombi watajua, baadhi yao alikuwa mwalimu wao. Soma alichoandika, tafuta swali aliloliacha wazi, andiko lako lianzie hapo.

Ila "nchi nzima" itoe kabisa. Colin Sullivan wa Sydney alipoonyesha mwaka 1981 kwamba hewa inayosukumwa puani usiku inazuia koo kuziba, na hiyo ndo CPAP inayotumika dunia nzima leo, aliripoti wagonjwa 5 tu. Utafiti wa usingizi wa Wahadzabe pale Ziwa Eyasi uliotoka 2017 ulikuwa na watu wazima 33 kwa siku 20, wakavaa vifaa vya mkononi vinavyorekodi mwendo, na ikaonekana muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja kwa siku zote hizo 20 ulikuwa dakika 18 basi! Watu 33, na dunia nzima ikasoma. Wewe chukua yadi moja ya malori, swali moja, ulijibu vizuri. Tena lina uzito wake, maana makadirio ya 2019 kwamba watu wazima milioni 936 wana tatizo hili la pumzi kukatika usingizini yalitegemea takwimu za nchi 16, kwingine kote wakakisia kutokana na hizo.

Vifaa usiogope. Dodoso la STOP-Bang, la kuchuja nani huenda pumzi inamkatika usingizini, lina maswali 8 na unahitaji futi kamba ya kupimia shingo, mizani na mashine ya presha. Lile la Epworth, la kupima mtu anasinzia kiasi gani mchana, angalia vizuri, linauliza kama unasinzia ukiwa abiria kwenye gari kwa saa nzima, sasa dereva anayeshika usukani kila siku atajibu nini? Kulijaribu tu hilo dodoso kwa madereva wetu ni utafiti tosha wa ruzuku ndogo.

Kuna jambo moja linaniuma na maandiko mengi hayaligusi. Ukimpima dereva ukamkuta pumzi inakatika usiku kucha, halafu? Akijua bosi wake atamwondoa barabarani hatakwambia ukweli, na akikwambia halafu taarifa ikavuja umemnyima ugali yeye na watoto wake. Andika kabisa nani ataona majibu, atapelekwa kliniki gani, nauli nani atalipa, na uiweke kwenye bajeti. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, nacho kianze mapema maana hakitakusubiri na dedilaini. Na barua ya mlezi wako wa kitaaluma isiwe ya kukusifia tu, iseme atakaa na wewe saa ngapi kwa mwezi.

SWALI: Mimi ni Mkenya niko Minnesota, PhD nilimaliza miaka 9 iliyopita, katikati nikajifungua nikakaa nyumbani. Bado naitwa mtafiti anayeanza ama muda umenipita?

JIBU: Dada, bado uko ndani. NIH wanahesabu miaka 10 tangu umalize digrii ya mwisho au mafunzo ya ubingwa wa udaktari, ilimradi hujawahi kushinda ruzuku yao kubwa kama mtafiti mkuu, na ukijifungua ndani ya hiyo miaka unaomba waongeze mwaka 1. Hawaongezi wenyewe, lazima uombe. Ruzuku za kumbukumbu kila moja ina hesabu yake na nyingine ni fupi zaidi, kwa hiyo waandikie imeili wiki hii, taja mwaka uliomaliza na mwaka uliojifungua, wakujibu kwa maandishi kabla hujagusa andiko.