Someni sheria kwanza (au labda ya pili)

Swali la wiki lilikuwa hili: "Ni kitabu gani cha sheria, utawala au kujibadilisha ambacho ungempa mtu unayemjali, na kwa nini?" Najua majibu yatakavyomiminika. Watatajwa wale Wamarekani wanaouzwa kwenye mataa na kwenye meza za vitabu mitaa ya Posta: amka saa kumi na moja alfajiri, andika malengo yako, waepuke marafiki wenye fikra hasi, fedha itakufuata. Sina ugomvi na mtu kuamka mapema. Ugomvi wangu ni kwamba vitabu hivyo vyote vinadhani tatizo ni msomaji mwenyewe. Mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake hana upungufu wa malengo. Ana shemeji, na shemeji ana upande wake Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lile la mila za urithi.

Kwa hiyo nitajibu swali lililo jirani na lenu: mtu asome nini kabla hajatia dole gumba kwenye karatasi aliyoletewa na ndugu, mwenyekiti wa kijiji au dalali?

Jibu la haraka ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, kwa Kiswahili. Usianze ukurasa wa kwanza, utachoka kabla hujafika panapokuhusu. Anza Ibara ya 12 mpaka ya 29, kisha soma ya 30 palepale, kwa sababu ndiyo inayoweka mipaka ya haki zote ulizotoka kuzisoma. Mtu anayekunukulia Ibara ya 13 kuhusu usawa bila kuigusa ya 30 hajamaliza kusoma. Shika penseli, uzungushie "isipokuwa", "bila ya kuathiri" na "kwa mujibu wa sheria" kila unapoyakuta. Haki hutolewa mwanzoni mwa sentensi, na maneno hayo huja kuirudisha nusu. Tazama pia palipoandikwa "aweza" na palipoandikwa "lazima". Penye "aweza", ofisa ana hiari, na unachoweza kumdai ni aitumie kwa haki.

Baada ya hapo, kwa mtu wa kijijini, ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ambayo kwenye orodha ya sheria ni Sura ya 114. Vifungu vichache vinatosha kuanzia. Cha 3(2) kinampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawa na mwanaume. Cha 20(2) kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu umiliki halali. Cha 60 kinasema Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Ukiitwa mbele ya baraza, hesabu viti kabla hujafungua mdomo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wauza vitabu hawalisemi: kitabu cha sheria huchacha. Kijitabu chochote cha haki za ardhi kilichochapwa kabla ya 2021 kitakwambia Baraza la Kata linaamua mgogoro wa ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 3. Halina tena uwezo huo. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayesoma kijitabu cha zamani hurudi nyumbani akishangilia "hukumu" ya kata ambayo si hukumu, na mwenzake anaendelea kulima. Kabla ya kuamini ukurasa wowote, tazama ni toleo la mwaka gani, kisha utafute kama sheria hiyo imerekebishwa baadaye. Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, ndilo lililoanza kutumika Julai 1, 2025, kwa hiyo anayekuuzia lile la 2002 anakuuzia karatasi za kufungia maandazi. Urekebu unaweza pia kusogeza namba za vifungu, zikiwemo hizi nilizotaja, basi tafuta kifungu kwa maudhui yake na si kwa namba peke yake. Tovuti ya TanzLII inatoa sheria na hukumu bure.

Lakini hakuna kinachofundisha kusoma sheria kama hukumu moja iliyoandikwa vizuri, na hapa mhariri anivumilie. Ni ya Mahakama Kuu Mwanza, Februari 1990, Jaji James Mwalusanya: Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua kwa jina, ila wengi wameishia kwenye muhtasari.

Holaria Pastory, mama wa Wilaya ya Muleba, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali. Uzee ukamkuta hana wa kumtunza. Agosti 24, 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake, Agosti 25, mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikuwa Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai mauzo yafutwe. Rudieni tarehe hizo. Ukoo uliokosa mtu wa kumtunza bibi kwa miaka ulipata mtu wa kumshtaki kwa siku moja.

Sheria ya mpwa ilikuwa wazi. Tangazo Na. 436 la 1963, lililoandika mila za urithi, linawapanga warithi kwa madaraja, na mabinti wapo la tatu. Kanuni yake ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu, hawezi kuiuza. Hukumu za miaka ya 1960 zilikuwa zimeshakubali hivyo kwa Wahaya. Mahakama ya Mwanzo ikasema mauzo ni batili na bibi arudishe 300,000. Kwa karatasi zilizokuwa mezani, hakimu yule hakukosea.

Kesi ikapanda Mahakama ya Wilaya, Muleba, na huko hakimu akaigeuza. Alisema enzi za kumbagua mtu kwa jinsia yake zimekwisha, na Katiba sasa inasema watu ni sawa. Sifa zote humwendea jaji wa Mwanza, lakini aliyetangulia kuvuka mto ni hakimu wa wilaya ambaye mihadhara haimtaji. Alivuka kwa kamba mpya kabisa. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba kwa Sheria Na. 15 ya 1984, lakini Sheria Na. 16 ya mwaka huohuo ikazizuia mahakama kuzitumia kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988. Shamba liliuzwa Agosti. Kesi hiyo ingefunguliwa mwaka mmoja mapema, hakimu angekuwa hana cha kushika.

Mwanza, jaji alikutana na shimo ambalo muhtasari huliruka. Ibara ya 13(4) ilikataza ubaguzi, lakini Ibara ya 13(5), inayoeleza kubagua ni nini, ilitaja utaifa, kabila, pahala pa asili, siasa, rangi, dini na hali ya maisha. Jinsia haikuwamo. Iliingizwa baadaye, kwa marekebisho ya mwaka 2000. Mvivu angefunga faili hapo. Mwalusanya alikwenda Ibara ya 9, inayoiagiza Serikali kufuata Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu, halafu mikataba ambayo Tanzania yenyewe ilikuwa imeiridhia, ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake na ule wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kisha akachukua kifungu cha 5 cha ileile Sheria Na. 16, kinachoitaka mahakama kuisoma sheria ya zamani pamoja na marekebisho yatakayoifanya ilingane na Katiba. Sheria iliyokuwa imefunga mlango ndiyo iliyokuwa na ufunguo.

Sasa angalieni alivyotumia ufunguo huo. Hakuifuta kanuni ya 20. Aliuliza: mwanaume wa Kihaya akiuza shamba la ukoo bila ridhaa, inakuwaje? Jibu lilikuwamo katika mila za Wahaya kama zilivyoandikwa mwaka 1945 na Cory na Hartnoll, watumishi wa serikali ya kikoloni: mauzo hayafi, ila mwanaukoo anaweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Basi na kwa mwanamke iwe hivyohivyo. Mauzo yakasimama, na mpwa kama alilipenda shamba kiasi hicho, alipe 300,000 kwa mnunuzi ndani ya muda aliowekewa. Mfuko wa bibi haukuguswa kwa vyovyote vile. Ukoo ulipewa kila ulichokuwa nacho dhidi ya mwanaume, na hakuna zaidi.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimewavisha kilemba cha ukoka. Hukumu hiyo haikuliondoa Tangazo la 1963. Mwaka 2005 wajane wawili kutoka Shinyanga waliomba Mahakama Kuu ilifute. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kuwa lina ubaguzi, kisha ikakataa kulifuta, ikisema mila haibadilishwi kwa tamko la hakimu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa wanawake iliwapa wajane wale haki na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake.

Na hapa ndipo hoja niliyoanza nayo inaponikatikia mkononi. Nilitaka kusema vitabu vya kujibadilisha vitupwe, watu wasome sheria. Lakini hakimu wa Kashasha na hakimu wa Muleba walikuwa na Katiba ileile. Majaji wa 2006 walikuwa na karatasi nyingi kuliko Mwalusanya: neno jinsia lilishaingia katika Ibara ya 13, Sura ya 114 ilikuwapo, na hukumu yake ilikuwapo. Waliona ubaguzi, wakaurudisha kabatini. Tofauti hiyo huwezi kuipata kwa kununua toleo jipya.

Kijijini ni hivyohivyo. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Hakuna sheria inayozuia. Ofisa yupo, wajumbe wapo, fomu ipo, na bado unatoka jina moja, kwa sababu mke ameulizwa mbele ya wakwe akasema "aandikwe tu baba watoto". Mjumbe anayejua kifungu cha 3 kwa moyo ananyamaza, kwani mzungumzaji ni mzee wake. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea sheria ya tatu, unamwongezea mzigo wa kunyamazia.

Kwa hiyo hukumu yangu, na naitoa kwa shingo upande: kitabu cha kwanza kumpa mtu ni kijitabu cha kujibadilisha. Ni "Tujisahihishe" cha Mwalimu Nyerere, cha mwaka 1962. Ni kidogo, unakimaliza kabla chai haijapoa, na hakina habari ya kuamka alfajiri. Kinaongelea ugonjwa uleule wa mkutano wa kijiji: kukataa hoja kwa sababu humpendi aliyeisema, kuikubali kwa sababu aliyeisema ni mkubwa, kunong'ona nje yale uliyoyanyamazia ndani. Anasema ukweli haujali mkubwa wala mdogo, na ukipuuzwa una kawaida ya kulipiza. Mwishoni mwa maisha yake ya siasa, katika "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania", aliwataja viongozi wa juu kwa majina, jambo ambalo wastaafu wetu wa leo hawathubutu hata kwa mafumbo.

Tahadhari zipo. "Tujisahihishe" kiliandikwa kwa wana-TANU, na kinadhani chama kinaweza kujikosoa kutoka ndani kwa nia njema tu. Mwaka huohuo wa 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, na mwandishi alipokuwa Rais sheria hiyo ilitumika. Kwa hiyo msomaji asikisome peke yake. Akimaliza, afungue hukumu ya Ephrahim na Pastory nzima, bila muhtasari, akiwa na Ibara ya 9, 13 na 30 pembeni. Sura ya 114 ifuate. Wale wa saa kumi na moja alfajiri nao wasomwe, ikibaki nafasi. Sina tena nguvu za kuwapinga.

Ila kama Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya limeshasikiliza kesi yako ya ardhi na kukusomea hukumu, weka chini vyote nilivyovitaja, na mimi pia. Una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi. Leo hii andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri, na nakala yako ya barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.