Shangazi, Nimesoma Riwaya ya Binti Yangu na Sasa Silali

*Shikamoo Shangazi. Nina binti wa miaka 16. Tangu mwaka jana amezama kwenye riwaya za mapenzi za vijana. Anaazimana na wenzake, anasoma hadi usiku wa manane kwa tochi ya simu, shuka kajifunika gubigubi. Juzi nikibadilisha mashuka nikakuta riwaya chini ya mto. Nikasema nichungulie ukurasa mmoja tu. Nilipoinua macho nilikuwa ukurasa wa 50 na mashuka bado yako sakafuni.*

*Kinachoninyima usingizi ni penseli yake. Kuna sentensi amezipigia mstari. Katika mojawapo msichana anasema hajamweleza mtu yeyote mambo yake kwa kuwa hakuna wa kumsikiliza. Hiyo ina mistari miwili. Mbele kidogo, mpenzi wake anamnyang'anya simu, anasoma jumbe zake zote, kisha anasema anafanya hivyo kwa sababu anampenda. Pembeni pamechorwa moyo mdogo. Na ukurasa mwingine pambizoni kuna herufi K peke yake. Nilikirudisha kitabu kama nilivyokikuta. Baba yake nilipomgusia alisema vitabu vyote vikusanywe. Je, nimuulize huyo K ni nani, au ninyamaze? Na la aibu nikuambie: nataka kujua hadithi inaishaje. Mama wa Mashuka.*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ndipo neno moja liliponisimamisha: anaazimana. Sasa niambie, una hakika gani kwamba hiyo penseli ni ya binti yako? Mstari hauna mwandiko. Moyo hauna mwandiko. Herufi K moja, hata karani wa benki asingethubutu kuapa ni ya nani. Riwaya hizi zikiingia darasani hupita mikono minane kabla ya kurudi kwa mwenyewe, na kila mkono huacha alama yake. Inawezekana umekosa usingizi siku tatu kwa ajili ya moyo uliochorwa na mtoto wa mwenzio, ambaye naye amelala fofofo.

Lakini tuseme ni yake. Bado sijaona ushahidi wa jambo lolote isipokuwa kwamba ana penseli.

Nilipokuwa na umri wake nilikuwa na daftari ninalonakilia maneno ya mapenzi kutoka kila nilichosoma. Mama yangu akaliona. Hakuniuliza kitu. Kwa muda wa wiki nzima nyumba ilikuwa baridi, nikitoka nje ananitazama hadi nipotee. Miaka mingi baadaye, nina watoto wangu, akanieleza kwamba alikuwa akisubiri usiku nitakaotoroka. Nitoroke na nani? Nilikuwa nanakili kwa sababu nilipenda jinsi herufi zangu zilivyopendeza nikiandika "milele". Ndiyo hivyo tu. Wiki ile ya kimya naikumbuka kuliko sentensi yoyote ya kwenye daftari.

Mtu hupigia mstari sentensi kwa sababu nyingi. Kwa kuwa imemgusa, kwa kuwa imemchekesha, kwa kuwa anataka kuiweka kwenye simu wenzake waione, kwa kuwa imemuudhi. Mara nyingine kwa kuwa inasema kitu ambacho rafiki yake amemsimulia jana wakirudi kutoka shule. Hiyo ya mistari miwili, ya msichana asiye na wa kumsikiliza, sikudharau kwa kuihofia. Ila hebu kumbuka ulivyokuwa na miaka 16. Je, yuko kijana wa umri huo asiyeamini kwamba hasikilizwi? Waandishi wa riwaya hizi wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana sentensi ya aina hiyo huikosi ndani ya kurasa 50 za mwanzo.

Na hapo ndipo kosa lako, kama unataka nikupe kosa. Si kwamba ulisoma. Ni kwamba uliishia ukurasa wa 50.

Acha nikueleze jinsi vitabu hivi vinavyojengwa, maana nimevisoma vingi na sioni haya. Vinaandikwa kwa ajili ya wasomaji wa miaka 12 hadi 18 hivi. Aghalabu msichana mwenyewe ndiye anayesimulia, "mimi, mimi", na mara nyingi mambo yanatukia papo hapo anaposimulia, kwa hiyo anachojua yeye ndicho unachojua wewe. Akidanganyika, nawe unadanganyika naye. Sura ni fupi, na kila sura hukatika mahali ambapo mkono hauwezi kufunga kitabu. (Unalijua hilo, waulize mashuka.) Kunakuwa na kijana wa kwanza anayeng'aa, na mara nyingi kuna wa pili asiyeonekana sana, yule anayemkopesha kalamu. Ukifika robo tatu ya kitabu wapendanao wanagombana na kuachana, msomaji analia, halafu kurasa za mwisho zinaweka mambo sawa kwa namna moja au nyingine.

Sasa yule kijana wa simu umemkuta ukurasa wa 50. Je, mwandishi anamsifu au anamtegea? Huwezi kujua, kwa sababu hata msichana anayesimulia bado hajui. Katika riwaya nyingi za miaka hii, kijana anayepekua simu mapema hivyo ndiye atakayeachwa, na siku atakayoachwa wasomaji watashangilia. Lakini nisikudanganye, zipo pia ambazo wivu wake unafanywa pambo, anamfuata msichana kila aendako na tunaambiwa hiyo ndiyo huba. Nimekutana nazo, nyingine zimeandikwa vizuri hadi inakera. Kwa hiyo swali lako ni halali, ila jibu lake liko mbele ya ukurasa ulioishia.

Na moyo wenyewe, hebu urudie kuutazama. Uko sambamba na maneno ya kijana, au uko kwenye mstari unaofuata? Pambizo ni nyembamba, mkono wa mtu aliyelala ubavu huteleza. Huenda mstari wa pili yake msichana ananyang'anya simu yake na kuondoka. Mimi ningeuchorea moyo mstari huo.

Kuhusu K, umeangalia majina ya wahusika? Umesoma kurasa 50 tu, na wengine bado hawajaingia. Nisingependa umkalishe mtoto chini, umbane kuhusu K, kisha akutazame kwa huruma na kukuambia K ni kaka wa kambo anayetokea sura ya kumi. Na kama ni kijana wa kweli, basi binti wa miaka 16 ameandika herufi moja ya jina la mtu anayempenda kimyakimya. Herufi moja, mwanangu. Hata jina zima hakuthubutu. Hilo mwachie.

Jambo moja ningeliangalia haraka, nalo baba yake asingelifikiria: hakikisha kitabu hicho ni cha vijana kweli. Siku hizi majalada yanawachanganya hata wauzaji. Riwaya za watu wazima zinavikwa michoro ya rangi laini, vijana wawili wa katuni wamepeana mgongo, unadhani ni ya watoto wa shule, kumbe ndani kuna vitanda na milango haifungwi. Mwandishi wa Marekani Colleen Hoover anasomwa sana na wasichana wa umri wa binti yako, lakini kitabu chake kilichovuma kuliko vingine, It Ends with Us cha 2016, kiliandikwa kwa watu wazima na kiini chake ni mwanamke anayepigwa na mumewe. Sisemi ni kitabu kibaya. Nasema mtoto asiachwe akisome peke yake akidhani ni hadithi ya kupendana. Namna ya kutambua ni nyepesi: tazama umri wa msichana na mahali anapoamkia. Anayekwenda shule na kuogopa mtihani, huyo ni wa vijana. Mwenye kazi, nyumba na mume, huyo ni mwenzako wewe.

Baba yake namheshimu, na wasiwasi wake ni wa mzazi. Ila kukusanya vitabu kuna historia yake. Mwaka 1975 mwandishi wa Marekani Judy Blume alitoa riwaya iitwayo Forever. Amesimulia mara nyingi kwamba binti yake mwenyewe ndiye aliyemwomba: alichoka na vitabu ambavyo vijana wakipendana na kulala pamoja lazima mmoja wao afe au aadhibiwe. Mama akakaa, akaandika. Vijana wawili wanapendana, wanaapiana milele, na mwishoni wanaachana, maisha yanaendelea. Kitabu hicho kimelalamikiwa mno, kimo kwenye orodha ya vitabu 100 vilivyopingwa zaidi nchini humo katika miaka ya 1990, na bado kinachapishwa hadi leo. Wasichana walikuwa wakikipitisha mkono kwa mkono, kikifunguka chenyewe kwenye kurasa zile zile. Ukikusanya vitabu vya binti yako vitahamia kwenye simu, na simu haina mto wa kukuwezesha kuvikuta.

Kinachonivutia katika kisa hicho ni yule binti. Aliweza kumwendea mama yake na kumwambia, nataka kitabu cha namna hii. Wako hajafika hapo, lakini amekiacha kitabu mahali anapojua wewe ndiye unayebadilisha mashuka. Sisemi alikusudia. Nasema hakukificha sana.

Basi fanya hivi. Kwanza kiri. Usimzunguke kwa maswali ya kijanja, watoto wa leo wananusa mtego kabla hujautega. Mwambie, "Nilikuta kitabu chini ya mto, nikakifungua, nikafika ukurasa wa 50. Nilipaswa kukuuliza kwanza." Atakasirika, na ana haki. Muache akasirike. Usitaje penseli hata kidogo, si ya kwako na labda si yake. Kesho yake, au keshokutwa, muulize habari za watu wa kwenye kitabu: "Yule kijana aliyechukua simu, mimi kanikera. Wewe je?" Halafu, mwanangu, funga mdomo. Hapo ndipo akina mama wengi tunapoharibu, tunauliza swali zuri kisha tunalijibu sisi wenyewe. Atakapomtetea kijana, usirukie. Muulize angefanya nini kama rafiki yake ndiye aliyenyang'anywa simu. Mtoto atakueleza kuhusu mhusika mambo ambayo hangekueleza kuhusu nafsi yake hata ungemlipa.

Iwapo atamtetea kwa machozi, ukaona mwilini kwamba hazungumzii kitabu tena, hapo ndipo pa kusimama. Dalili za kuogopa haziko pambizoni. Ziko kwake: anaruka simu ikilia na uso unabadilika, ameacha marafiki aliokuwa nao, anaomba ruhusa ya mtu fulani kabla ya kukubali kwenda mahali, hali chakula, anaficha mikono au mwili. Ukiona hayo, riwaya weka kando, zungumza naye waziwazi na umtafute mshauri wa shule au mtu mwenye ujuzi huo, siku hiyo hiyo. Katika barua yako sijaona hata moja. Nimeona mtoto anayesoma.

La usingizi nalo ni la kweli, na hapo nakuunga mkono. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2016 unasema vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10. Kumwambia "malizia sura ulale" hakusaidii, kwa sababu sura zenyewe zimeandikwa ili mwisho wake ukuvute kwenye nyingine. Mfundishe kusimama katikati ya sura, pale watu wanapokunywa chai na kuongea upuuzi. Mimi nafanya hivyo, nalala. Karibu kila mara.

Na hiyo uliyoiita aibu. Una usomaji wa mtu mzima, umeingia hadithi ya vijana na imekushika. Riwaya hizi zinashika watu wa umri wako kwa maelfu, wengine tukijifanya tumezinunulia wapwa zetu. Muombe akuazime akimaliza, au tafuta nakala yako mwenyewe, hiyo ndiyo ningeshauri, ili akiuliza umefika wapi uwe na jibu, na yeye awe na kitu cha kukukanya usikiharakishe. Atakuficha mwisho kwa makusudi. Mvumilie.

Ukifika huko niandikie. Mimi naweka dau langu kwamba yule wa simu hafiki hata robo tatu, na kwamba K ni yule anayekopesha kalamu.

Shangazi