Maswali ya Kompyuta: Barua zimehama, vichujio vimegoma

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nahamisha barua pepe za ofisi, akaunti ya POP (barua hupakuliwa zikakaa kwenye kompyuta), kutoka Thunderbird, programu ya barua pepe, ya kompyuta ya zamani kwenda mpya, zote Windows. Faili la Inbox linakataa kuingia kwenye flashi ya GB 32 iliyo tupu. Folda ndogo zimehama vizuri, ila vichujio vyote, yaani kanuni za kupanga barua zenyewe kwenye folda, vimejizima. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Flashi yako ni nzima. Imefomatiwa kwa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4. Thunderbird nayo hujaza folda nzima ya barua ndani ya faili moja. Kwanza bofya Inbox kwa kitufe cha kulia, chagua Compact. Barua ulizofuta huendelea kukaa mle mpaka ufanye hivyo. Faili lisipopungua vya kutosha, fomati flashi kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika.

Funga Thunderbird kabla ya kunakili. Bonyeza Windows na R, andika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles, ingia kwenye profaili yako (folda yenye barua na mipangilio yako), kisha Mail. Chukua mafaili yasiyo na kiendelezi mwishoni mwa jina (Inbox, Sent) pamoja na folda zinazoishia na .sbd, ambamo folda ndogo hukaa. Yale ya .msf yaache: ni faharasa tu, programu itayatengeneza upya.

Tuje kwenye vichujio. Vimo katika faili la msgFilterRules.dat, moja kwa kila akaunti. Lifungue kwa Notepad, utakuta mistari kama huu:

actionValue="mailbox://nobody@Local%20Folders/Ankara"

Hiyo ni anwani kamili ya folda, na kwa folda za akaunti yenyewe hubeba jina la mtumiaji na la seva. Ukiwa umeandika seva kwa jina jingine kwenye kompyuta mpya, au folda ya Ankara umeiweka mahali pengine, kichujio hakioni pa kupeleka barua, na Thunderbird hukizima. Basi hakikisha folda zote zipo kwanza, funga programu, weka nakala ya akiba ya faili hilo, kisha kwa Ctrl+H badilisha anwani ya zamani kwa mpya na enabled="no" kwa enabled="yes". Kuwa mwangalifu na nafasi kati ya maneno: huandikwa %20, na alama ya @ ndani ya jina la mtumiaji huwa %40. Herufi moja ikikosewa, kichujio kitazimika tena.

SWALI: Natoka Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, naenda Thunderbird. Faili langu la sheria (ndivyo Outlook inavyoita vichujio), la .rwz, nitalifungulia wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Thunderbird hailisomi; sheria itabidi uziandike upya. Barua zenyewe zinahama: pakia folda zako kwenye akaunti ya IMAP (ambayo barua hukaa kwenye seva) ukiwa ndani ya Outlook, kisha fungua akaunti hiyohiyo kwenye Thunderbird. Angalia tu nafasi uliyopewa kwenye seva kabla hujaanza kuburuta.